Göteborg: Mji uliofundisha vidole kushika tena

Msafiri wa Kenya anayekwenda Sweden aghalabu huishia Stockholm, mji mkuu. Göteborg, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, haumo katika mipango yake. Hata hivyo, kila Mkenya aliyewahi kufunga mkanda wa usalama ndani ya matatu amekwisha kuguswa na kazi ya mji huo, hata kama hajui uko upande gani wa ramani.

Mji huu umeifanyia shingo ya mwanadamu mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuizuia isivunjike barabarani. La pili, ambalo halijulikani sana na ndilo hasa lililo kiini cha makala haya, ni kumrudishia matumizi ya mikono mtu ambaye shingo yake imekwisha kuvunjika.

Göteborg uko pwani ya magharibi ya Sweden, pale mto Göta unapomwaga maji yake baharini. Ulianzishwa mwaka wa 1621 na Mfalme Gustav wa Pili Adolf. Kwa kuwa ardhi yake ilikuwa ya matope, mfalme aliwaita Waholanzi, mabingwa wa kujenga penye maji, wakaupanga mji na kuchimba mifereji ambayo mingine ingalipo hadi leo. Mtu wa Mombasa hatajihisi mgeni sana hapa. Kuna upepo wa chumvi, kuna winchi za bandarini, na kuna ndege weupe wa baharini wanaopiga kelele wakivizia vichwa vya samaki. Soko la zamani la samaki, lililojengwa mwaka wa 1874, lina paa refu lililochongoka kama la kanisa, na wenyeji wenyewe huliita kanisa la samaki. Tofauti na kwetu ni baridi na mvua, ambayo hunyesha bila kupiga hodi. Basi mgeni na abebe koti, apande tramu, yaani gari la abiria linalopita juu ya reli katikati ya barabara, naye ataufikia karibu kila mtaa kwa bei nafuu.

MKANDA WA BOHLIN

Kituo cha kwanza ni jumba la maonyesho la Volvo, lililofunguliwa mwaka wa 2024. Kampuni hiyo ya magari ilizaliwa mjini humu mwaka wa 1927. Mnamo 1958 ilimwajiri mhandisi aitwaye Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Bohlin alijua vyema nguvu ambazo mwili wa binadamu unaweza kustahimili na zile zinazouvunja.

Mikanda mingi ya magari ya wakati huo ilipita tumboni tu. Gari lilipogonga, kiwiliwili kilirushwa mbele, na mara nyingine mkanda wenyewe ulimuumiza abiria matumbo. Bohlin alibuni mkanda unaopita kifuani na mapajani, unaofungwa pembeni kwa mkono mmoja tu. Volvo ilianza kuuweka katika magari yake mwaka wa 1959, na ikawaruhusu watengenezaji wengine wote kuuiga bila malipo.

Ilichukua miaka 45 kabla ya sheria kuingiza mikanda katika matatu zetu. Wengi wanakumbuka Februari 2004, wakati amri ya Waziri John Michuki kwamba matatu zote ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo ilipoanza kutekelezwa, na watu wakatembea kwa miguu hadi kazini kwa sababu magari yalikuwa hayajatimiza masharti. Leo hii mkanda ungalipo katika matatu nyingi, ingawa mara kwa mara abiria huukalia badala ya kuufunga.

SANAMU YENYE MIKONO KAMILI

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi uwanja wa Götaplatsen. Katikati yake limesimama sanamu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, lililochongwa na Carl Milles na kuzinduliwa mwaka wa 1931. Ni sanamu la shaba, urefu wake ni kama mita 7. Mkono mmoja umeshika samaki na mwingine umeshika kombe la baharini.

Watalii hulipiga picha na kwenda zao. Mimi niliiangalia ile mikono. Kumshika samaki anayeteleza si kazi ndogo: vidole vinne vikunjike, gumba lije upande wa pili kukaza, kifundo cha mkono kisimame imara, kiwiko kiweze kukunjuka, na bega libebe uzito wote. Sisi hufanya hayo kila siku tukishika kikombe cha chai bila kuwaza. Mtu aliyevunjika shingo hulazimika kuyawaza moja baada ya jingine.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna ugwe wa neva unaopeleka amri kutoka ubongoni hadi mwilini na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Ugwe huo ukijeruhiwa shingoni, amri hukwama. Miguu hupooza, na mikono nayo huathirika kulingana na mahali palipoumia. Jeraha likiwa karibu na pingili ya tano ya shingo, mtu huweza kuinua bega na kukunja kiwiko, lakini hawezi kukikunjua. Likiwa chini kidogo, karibu na ya sita, huongeza uwezo wa kuinua kifundo cha mkono kuelekea nyuma. Likiwa karibu na ya saba, huweza kukunjua kiwiko. Vidole ndivyo huja mwisho kabisa. Hivyo basi, umbali wa pingili moja unaweza kuwa ndio tofauti kati ya mtu anayejilisha na mtu anayelishwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 ulimwenguni wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo. Sisi tulio wazima hudhani kwamba jambo ambalo watu hao hulitamani zaidi ni kutembea. Mwaka wa 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa watu 681 wenye majeraha hayo. Miongoni mwa wale ambao mikono na miguu yao yote iliathirika, karibu nusu walisema kwamba kitu ambacho kingebadilisha maisha yao zaidi ni kurudishiwa matumizi ya mikono. Kutembea kulikuja nyuma. Ukifikiri kidogo utawaelewa. Kiti cha magurudumu kinaweza kufanya kazi ya miguu, lakini hakuna kifaa kinachoweza kukukuna pua, kukufunga vifungo vya shati na kukufutia mtoto machozi.

DAKTARI NA KIBANIO CHA KARATASI

Tramu ikiendelea kusini-magharibi, hupanda hadi hospitali ya Sahlgrenska. Jina hilo ni la Niclas Sahlgren, mfanyabiashara tajiri wa kampuni iliyokuwa ikileta chai na vyombo vya kauri kutoka Uchina. Alipofariki mwaka wa 1776 aliacha fedha za kujengea hospitali, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1782. Majengo ya leo ni mapya na makubwa.

Hapa ndipo alipofanya kazi Erik Moberg, aliyezaliwa mwaka wa 1905 na kufariki mwaka wa 1993, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa mkono nchini Sweden. Katika siku zake madaktari wengi waliamini kwamba mkono wa mtu aliyevunjika shingo si wa kupasuliwa. Wengine walikuwa wamejaribu kuurudisha uwe kama mkono mzima, wakafanya upasuaji mgumu wenye matokeo ya kuvunja moyo. Moberg alikuja na hoja nyingine. Alisema tusianze kwa kuuliza mkono huu umepoteza nini. Tuanze kwa kuuliza umebakiwa na nini, na je, hicho kilichobaki kinaweza kuhamishwa kifanye kazi inayohitajika zaidi?

Msomaji, jaribu jambo hili ulipoketi. Weka kiwiko mezani, kigasha kisimame wima, na ulegeze vidole kabisa. Acha kifundo cha mkono kianguke mbele. Utaona vidole vinafunguka vyenyewe. Sasa kiinue kifundo kirudi nyuma. Vidole vinajikunja, na gumba linasogea hadi ubavuni mwa kidole cha shahada. Hukuviamuru vidole hata kidogo. Ni kano zilizovutika tu.

Mtu ambaye bado anaweza kuinua kifundo cha mkono anao mshiko huo bure, lakini ni mshiko dhaifu. Moberg aliuimarisha kwa kuifunga kano ya gumba kwenye mfupa wa kigasha. Baada ya hapo, kila mgonjwa alipoinua kifundo chake, gumba lilibana kwa nguvu juu ya kidole cha shahada, jinsi tunavyobana ufunguo. Kwa mshiko huo mtu anaweza kushika kalamu, uma, mswaki na karata za kuchezea. Si mkono wa Poseidon, lakini ni mkono.

Kiwiko nacho alikitafutia dawa. Msuli wa bega una sehemu ya nyuma ambayo haifi katika majeraha mengi ya shingo. Moberg aliiachanisha sehemu hiyo, akairefusha kwa kano zilizochukuliwa kwenye vidole vya miguu, ambazo mgonjwa hakuwa na haja nazo tena, kisha akaiunganisha na kano inayokunjua kiwiko. Mgonjwa aliyekuwa akijigonga usoni na mkono wake mwenyewe kila alipoinua kitu juu akiwa kitandani, sasa aliweza kuunyosha mkono, kufikia rafu, na kusukuma kiti chake vizuri zaidi. Makala yake kuhusu upasuaji huo yalichapishwa mwaka wa 1975, akiwa na umri wa takriban miaka 70.

Kifaa chake mashuhuri kilikuwa kibanio cha karatasi cha ofisini. Alikikunjua kikawa na ncha mbili, akazigusisha pamoja kwenye nyama ya gumba la mgonjwa aliyefumba macho, na kuuliza: umeguswa mara moja au mbili? Mtu akiweza kutofautisha ncha zilizoachana kwa milimita 10 au chini ya hapo, mkono wake una hisi ya kutosha kujua ulichoshika. Asipoweza, mkono huo ni kipofu na ni lazima uongozwe na macho. Na kwa vile macho hayawezi kuongoza mikono miwili kwa wakati mmoja, Moberg alishauri kwamba mtu wa aina hiyo atengenezewe mshiko wa mkono mmoja tu. Kipimo cha namna hiyo kiliingia katika utaratibu wa kimataifa wa kuainisha mikono iliyopooza, uliokubaliwa katika mkutano wa Giens, Ufaransa, mwaka wa 1984.

KUTOKA MÖLNDAL HADI MELBOURNE

Kusini mwa mji tramu hufika Mölndal, ambako kuna hospitali iliyounganishwa na Sahlgrenska mwaka wa 1997. Huko kazi ya Moberg iliendelezwa na daktari Jan Fridén, ambaye baadaye aliifanya pia katika kituo cha Nottwil, Uswisi. Zamani mgonjwa alihitaji upasuaji wa kumwezesha kufungua vidole, kisha mwingine wa kumwezesha kuvikunja, na kati ya hizo mbili kulikuwa na miezi ya kukaa na mkono uliofungwa. Fridén alikusanya hatua hizo katika upasuaji mmoja, na mgonjwa huanza mazoezi siku inayofuata. Kano zilizoshonwa kwa uimara huo huruhusu mwendo mapema, na mwendo huzuia makovu yasinate.

Mahali pengine madaktari wameshika njia tofauti. Badala ya kuhamisha kano, wanahamisha neva. Tawi la neva inayotii amri, ambalo mwili unaweza kulikosa, hukatwa na kuunganishwa na neva ya msuli uliopooza. Mwaka wa 2019 madaktari wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Natasha van Zyl, walitoa taarifa kuhusu vijana na watu wazima 16 waliofanyiwa uhamisho wa neva 59. Miaka 2 baadaye wengi wao waliweza kuufikia mkono mbele, kufungua kiganja, kushika kitu na kukiachilia. Lakini neva hukua polepole, na msuli uliokatiwa mawasiliano haungoji milele. Wagonjwa hao walikuwa hawajapitisha miezi 18 tangu waumie. Uhamisho wa kano, kwa upande mwingine, unaweza kufanywa hata baada ya miaka mingi.

Njia ya tatu haina kisu. Mwaka wa 2024 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyowahusu watu 60 katika vituo 14 vya Marekani na Ulaya na Kanada. Vibandiko vya umeme mdogo viliwekwa juu ya ngozi ya shingo huku mgonjwa akifanya mazoezi ya mikono. Asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mikono yao. Desemba mwaka huo serikali ya Marekani iliruhusu kifaa hicho kitumike. Wote walikuwa ni watu ambao ugwe wao haukukatika kabisa, na nafuu hiyo haimaanishi kupona.

KWETU NYUMBANI

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na fedha zao. Ni kweli kwamba upasuaji huu unahitaji daktari aliyebobea na wiki nyingi za mazoezi. Hata katika nchi tajiri wengi wanaofaa kuupata hawaupati. Pia si kila mtu ataukubali, kwa maana kwa muda wa wiki kadhaa baada ya upasuaji mgonjwa huwa tegemezi zaidi kuliko alivyokuwa mwanzo. Ni uamuzi wa kufikiriwa na mgonjwa mwenyewe, si wa kufanyiwa na ndugu zake.

Hata hivyo, lipo jambo moja la Göteborg lisilohitaji tiketi ya ndege. Tuchukulie kijana wa Kilifi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, au mwendeshaji bodaboda aliyegongwa Thika. Amepitia hospitalini, labda hata ile ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyoko Nairobi, na sasa yuko nyumbani. Mama yake anamkalia kitandani kila jioni, anachukua kile kiganja kilichojikunja na kumwambia, "Lete mkono, mwanangu, nikunyooshe vidole visikauke." Anavuta vidole nyuma, na kifundo cha mkono anakivuta nyuma pia, mpaka kiganja kinakuwa bapa kama sahani.

Nia ya mama ni njema, lakini anaharibu. Kama kijana huyo anaweza kuinua kifundo chake, ule mshiko wa bure tuliouona hutegemea kano za vidole zilizobaki fupi kiasi. Zikinyoshwa kupita kiasi hulegea, na kifundo kikiinuliwa vidole havifungi tena. Utaratibu unaofunzwa na wataalamu ni huu: vidole vikinyoshwa, kifundo kiwe kimeinamishwa mbele, kifundo kikiinuliwa nyuma, vidole viachwe vijikunje. Vyote viwili visinyoshwe pamoja.

Kiwiko nacho kina hatari yake. Mtu mwenye nguvu ya kukikunja lakini asiye na ya kukikunjua hulala mikono ikiwa imejikunja kifuani. Baada ya miezi michache kiungo hukauka katika hali hiyo, na kiwiko kilichokauka hakiwezi kunufaika na upasuaji hata akija Moberg mwenyewe. Hiki basi hunyoshwa polepole kila siku, na usiku huwekwa kwa namna isiyokiruhusu kujikunja. Maelezo kamili yatolewe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa maana kila jeraha lina masharti yake.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa aina hii asiondoke hospitalini kabla ya kuuliza maswali manne. Jeraha liko pingili ya ngapi? Anaweza kuinua kifundo cha mkono dhidi ya uzito? Nimnyoshe vipi vidole na kiwiko? Je, yuko daktari wa upasuaji wa mikono anayeweza kumtazama, na kabla ya mwezi wa ngapi? Yaandike majibu kwenye daftari la kliniki, na yule anayebaki na mgonjwa mchana, awe ni mama, dada au msaidizi wa nyumbani, aonyeshwe kwa vitendo kabla ya siku ya kurudi nyumbani.